Matembezi ya Kipupwe, Ghorofa ya Nne

Watu wa jengo lile walimwita Bi Taratibu, na jina hilo hakulipata uzeeni. Alipewa kiwandani akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kwa sababu aliunga nyuzi zilizokatika bila papara, wakati wenzake wakihangaika huku na huku kama kuku waliomwagiwa maji. Miaka thelathini na miwili alisokota pamba. Pamba ikawa shuka, ikawa sare, ikawa sanda. Na ile nyepesi iliyobaki hewani, isiyoonekana mpaka jua lipite dirishani, akaivuta yeye kifuani. Alipostaafu daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamweleza kwamba ugonjwa huo ni sugu, hauondoki, ila mtu anaweza kuishi nao akiuheshimu.

"Kama mkwe," alisema Bi Taratibu, na daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, mjane, akiishi peke yake katika vyumba viwili ghorofa ya nne. Chumba kimoja cha kulala, kimoja cha kukaa, na dirisha la mashariki ambalo chini yake alisali kila alfajiri kabla hajameza hata funda la maji. Mumewe alifia katika chumba kile cha kulala, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kwa hiyo mtu alipomwambia ahame, alimsikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mtu anayesema usingizini.

Shida ilikuwa kipupwe. Siku za joto aliteremka ngazi, akazunguka mtaa, akasalimiana na watu, akarudi juu akipumzika kila kituo. Lakini baridi ilipoingia, hewa ya nje ilimkamata koo kama mkono. Kipupwe cha mwaka uliopita alijifungia, akajifunika mablanketi, akakaa kitini karibu miezi miwili. Jua liliporudi miguu yake ilikuwa imekwisha. Binti yake, kitinda mimba, mshonaji wa sare za shule anayeishi ng'ambo ya pili ya mji, alimkuta siku moja ameketi katikati ya ngazi, kikapu mapajani, midomo imegeuka rangi. Alilia kwanza, kisha akakasirika.

Kliniki ya kifua ilikuwa na korido ndefu iliyochorwa alama sakafuni. Nesi wa pale, mama mnene mwenye sauti ya chini, huwatembeza wagonjwa dakika sita, kisha anapima wamefika wapi. Kipupwe kipya kilipokaribia, Bi Taratibu alipata mita mia mbili na kumi.

"Si haba," alisema nesi. "Ila bibi, mapafu hayafanyi mazoezi, miguu ndiyo inayoyasaidia mapafu. Ukikaa, unarudi nyuma. Kukiwa na baridi kali usitoke nje. Tembea humo humo ndani, kidogo kidogo, kila siku. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo polepole, kama unapoza chai. Baridi ikipungua nakupima tena."

Binti alisubiri wakafika nje ndipo akasema. "Mama, tuelewane hapa hapa. Siku hiyo ukishuka chini ya mia mbili, unahamia kwangu. Chumba kipo, hakina ngazi. Sitaki kesi."

"Na nikizidi?"

"Ukizidi utakaa huko juu kama njiwa, wala sitafungua mdomo tena."

"Hapo kwenye mdomo ndipo nisipokuamini," alisema mama yake. Lakini walipeana mikono.

Basi akaanza. Korido ya ghorofa ya nne ilikuwa na hatua arobaini na moja kutoka ngazini hadi ukuta wa mwisho. Huko mwisho palikuwa na dirisha dogo lisilofunguka, na kando yake bomba la maji la chuma, nene kama mguu wa mtoto, lililotoka darini likapita ghorofa zote hadi chini. Alichagua saa nne asubuhi, majirani wakiwa kazini na milango yote imefungwa. Alivuta dawa kwenye pampu yake, akasubiri robo saa, akajifunga mtandio puani, akatoka. Ukungu wa kipupwe ulikuwa umejibandika kwenye kile kidirisha, mweupe, mzito, usiosogea. Korido nzima ilipata mwanga wa rangi ya maziwa yaliyozimuliwa.

Siku ya nne au ya tano, alipofika kwenye bomba, mkono wake ulinyanyuka wenyewe na pete ya ndoa ikagonga chuma. Mara mbili. Ngo, ngo.

Alicheka peke yake. Mkono ulikuwa umekumbuka kiwanda.

Kule kiwandani kila mwanamke alikuwa na njia yake kati ya mashine mbili, akienda na kurudi zamu nzima akitafuta uzi uliokatika. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba ungeweza kumtukana msimamizi usoni naye akakuitikia kwa kichwa. Vumbi nalo lilikuwa ukungu. Usingemwona aliye njia ya pili. Mwishoni mwa kila njia palikuwa na nguzo ya chuma. Wanawake wenyewe, si wakubwa, ndio walioweka sheria: ukifika kwenye nguzo, gonga mara mbili kwa ile kulabu ya nyuzi. Maana yake, nipo. Jirani yako anagonga mara moja: nimekusikia. Chuma kwa chuma hupenya kelele zote. Na usipojibiwa, acha nyuzi zikatike zinavyotaka, nenda kamtazame mwenzako. Waliianzisha baada ya mwenzao mmoja kuanguka njiani na asionekane mpaka mashine zilipozimwa.

Jirani wa Bi Taratibu alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, waliyemwita Sindano. Sindano alikuwa na mchezo wake: hakujibu papo hapo. Alingoja mpaka moyo wa mwenzake urukeruke kidogo, ndipo agonge. "Nilikuwa nataka kuona kama unanipenda," angesema wakati wa mapumziko. Sindano alikufa kwa kifua miaka kumi na moja iliyopita. Bi Taratibu ndiye aliyemfunga kidevu.

Kwa hiyo aligonga bomba kila alipolifikia, kama mtu anayeimba wimbo wa zamani akiosha vyombo. Raundi tatu, kisha nne. Ilimpa raha.

Siku ya tisa bomba lilijibu.

Alikuwa ameshageuka, ameshapiga hatua ya kwanza ya kurudi. Pakapita kimya cha kiasi kile kile cha Sindano. Kisha, nyuma yake: ngo. Moja.

Alibaki mguu mmoja mbele, mkono kifuani, akihesabu pumzi kama alivyofundishwa. Maji, alijiambia. Mabomba huwa yanagutuka kwa baridi. Akaenda mpaka ngazini, akarudi, na safari hii akagonga kwa makusudi. Ngo, ngo. Akangoja. Kimya kikavutika, kikavutika, mpaka moyo ukaruka.

Ngo.

Akanusa, au alidhani ananusa, pamba mbichi na mafuta ya mashine.

Siku ile alisali muda mrefu. Hakuwa mwanamke wa kuamini mizimu. Alimwamini Mungu, na aliona hao wawili hawakai nyumba moja. Alimwomba Mola kwamba kama ni kitu kibaya kiondoke, na kama ni masikio yake tu, basi amwachie akili mpaka mwisho. Kesho yake saa nne alitoka tena, kwa sababu mita mia mbili hazikuwa na huruma na wenye hofu. Aligonga. Akajibiwa.

Kilichomtisha zaidi baadaye ni kwamba alizoea. Wiki ya pili alikuwa anafika raundi saba. Wiki ya nne, kumi. Kila alipotaka kukata tamaa katikati ya korido, kifua kikipiga filimbi, alikumbuka kwamba kuna anayengoja kule mwisho, na miguu ikaenda. Binti alipopiga simu alimsifu: "Sauti yako imepata nguvu, mama. Unatembea na nani?"

"Na nani tena? Na miguu yangu," alijibu, akaona haya, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusema uongo hata nusu.

Kisha ikaja asubuhi ya baridi kuliko zote. Maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu juu. Alitoka, akafika kwenye bomba, akagonga mara mbili. Akangoja. Kimya kikavutika, moyo ukaruka, na kimya kikaendelea. Akagonga tena. Kuangalia dirishani, ukungu ulikuwa umefika kwenye kioo kama uso. Hakuna jibu.

Mtu mwingine angeshukuru na kurudi ndani kunywa chai. Lakini Bi Taratibu alikuwa mtu wa kiwandani, na usipojibiwa unaacha nyuzi zikatike. Mwili ulijua hivyo kabla ya kichwa. Akakaza mtandio, akaweka pampu mfukoni, akashika chuma cha ngazi akaanza kuteremka, akijua vizuri kabisa kwamba kila ngazi anayoshuka atalazimika kuipanda.

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho ulio kando ya bomba ulikuwa na kufuli kubwa lenye kutu, na buibui alikuwa amejenga kutoka kufuli hadi kwenye fremu. Akapumzika. Akateremka tena. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho ulikuwa na viatu vya mwanamume nje, vimejaa vumbi. Akabisha hodi.

"Nenda zako, Sindano!" ilipasuka sauti ndani, nyembamba, yenye kukohoa. "Sijawa tayari! Nimekwisha kukwambia sijawa tayari!"

Bi Taratibu alishika ukuta. "Nani anasema humo?"

"Wewe unajua nani anasema, ndiyo maana umekuja!"

"Mimi si Sindano. Sindano tulimzika."

"Na unajisifia kuzikwa!" sauti ikalia.

Aliitambua basi. Ilikuwa ni sauti ya Grisi, makanika aliyepita kati ya mashine na kopo la mafuta miaka yote ile, mwenye kusikia kila mlio wa nguzo na kujua maana yake. "Grisi! Fungua mlango, mzee. Ni mimi, Taratibu."

"Sema kitu ambacho maiti hawezi kukisema."

"Ulinimwagia mafuta kwenye gauni jipya, na mpaka leo hujaniomba radhi."

Ndani kitanda kililia. Nyayo zikaburutwa. Mlango ulipofunguka, Bi Taratibu aliona mtu aliyebaki macho na mifupa, amevaa koti juu ya koti, kidole kimebanwa na kifaa kidogo cha kliniki cha kupimia hewa mwilini. Alikuwa amehamia mwanzoni mwa kipupwe, akaletwa na mwanawe. Mapafu yale yale, nesi yule yule, amri ile ile ya kutembea koridoni.

"Nilitembea siku tatu tu," alisema, akirudi kitandani kwa kushika meza, kiti, ukuta. "Siku ya tatu nikasikia. Mbili. Kama kiwandani. Nikasema hawa wamenifuata. Tangu siku hiyo sijatoka, dada. Wiki ya tano hii. Chakula naletewa mlangoni. Miguu imekuwa kamba."

"Grisi wewe! Zile mbili ni mimi! Nafanya mazoezi yangu, nagonga tu."

Alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu mpaka Bi Taratibu akamshikia beseni. "Yaani nimejiua mwenyewe kwa kumwogopa mwanamke anayefanya mazoezi," alisema alipopata pumzi.

"Hujafa bado. Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe, unavyojibu kwa kuchelewa makusudi, kama marehemu."

Grisi aliacha kucheka.

"Najibu na nini? Mimi sijaligusa bomba hilo tangu nizaliwe."

"Usinitanie, kaka."

"Nakutania na hali hii? Nasikia mbili huko juu. Halafu panapita muda. Halafu moja." Aliinua kidole chenye kifaa, hakuelekeza mbali, alielekeza dari yake. "Moja inatokea hapa. Katikati. Leo ndiyo haikugonga."

Hawakutazamana. Wote wawili walitazama ile dari, yenye ufa mmoja na doa la maji.

Mtunza jengo, mama mwenye funguo kiunoni na ulimi mkali, alipoombwa alikifungua kile chumba cha ghorofa ya tatu kwa kunung'unika. Kufuli lilimtoa jasho. Ndani palikuwa na viti vilivyovunjika, milango ya zamani imeegemezwa, vumbi sakafuni jeupe na nene lisilo na alama ya mguu wa mtu wala wa mnyama. Bomba lilipita kwenye kona. Rangi yake ya kijani ilikuwa nzima kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja, kimo cha kifua cha mtu mfupi. Hapo rangi ilikuwa imelika, na chuma kiling'aa kama kijiko.

"Panya," alisema mtunza jengo.

"Panya mwenye kimo gani?" aliuliza Bi Taratibu.

Yule mama alitazama tena, akafunga mlango haraka kuliko alivyoufungua, na kuanzia siku hiyo alifagia ghorofa ya tatu hadi nusu tu.

Siku tatu Bi Taratibu hakutembea. Alikaa kitini akisoma kitabu chake cha sala, na maneno yaliingia jicho hili yakatokea lile. Siku ya tatu makohozi yalikuwa yamekuwa mazito, na kutoka kitandani hadi chooni ilimbidi asimame mara mbili. Kipupwe cha mwaka uliopita kilikuwa kinarudi kumchukua. Huko kwa binti yake kulikuwa na kile chumba kisicho na ngazi wala bomba, na wazo la chumba hicho, ambalo hajawahi kulipenda, likaanza kumvuta kama joto.

Siku ya nne alijifunga mtandio. Alimpigia simu Grisi. "Saa nne kamili unatoka mlangoni kwako. Hata hatua tano. Mimi nagonga mbili, wewe unagonga tatu, tujue nani ni nani."

"Na ile moja?"

"Ile moja haituhusu. Tunatembea kwa amri ya nesi."

"Dada, wewe una ukaidi wa mbuzi."

"Nina mapafu ya mbuzi pia. Toka."

Akatembea. Akagonga mbili. Kutoka chini sana zikaja tatu, dhaifu, zisizolingana, kama za mtoto anayejifunza ngoma, na akacheka kwa furaha. Akaanza kugeuka. Kisha, baada ya kimya kile kile kirefu, karibu zaidi, chini tu ya nyayo zake, ikaja ile moja.

Hivyo ndivyo kipupwe kilivyokwisha. Kila siku saa nne: mbili, tatu, halafu moja. Grisi alifika hatua kumi, ishirini, akafika mwisho wa korido yake na kurudi. Kila asubuhi, kabla hajatoka, Bi Taratibu aliwaombea wote waliokuwa kwenye jengo lile, na akiisha kusema hivyo alinyamaza kidogo, kwa kuwa hakujua amewahesabu wangapi.

Siku ya kupimwa ukungu ulikuwa umetoboka na jua lilikuwa jembamba lakini la kweli. Binti aliketi kwenye benchi la kliniki, mkoba mapajani. Nesi alibana kifaa kwenye kidole cha bibi, akabonyeza saa. "Haya, bibi. Kwa mwendo wako."

Dakika ya kwanza, ya pili. Alitoa pumzi kama anapoza chai. Dakika ya nne alikuwa na mita mia moja na sitini, na hapo ndipo wazo lilipomjia, tulivu kabisa. Angeweza kuketi. Pale palikuwa na kiti, kila mgonjwa ana ruhusa. Angeketi dakika moja, asifike mia mbili, na leo hii jioni angelala chumba cha chini kwa binti yake, akisikia cherehani ikinguruma na watu hai wakigombana. Hakuna ambaye angejua. Asingepita tena katika mwanga ule wa maziwa akingoja moyo uruke.

Alipunguza mwendo. Nesi akaangalia kidole chake. "Unataka kukaa, bibi?"

Alikiona kiti. Alimwona binti yake ameinuka nusu kutoka kwenye benchi, uso umejaa matumaini na hofu kwa pamoja. Alikumbuka kitanda ambacho mumewe alikatia roho, na dirisha la mashariki. Alimkumbuka Grisi, kesho saa nne, ametoka mlangoni kwake peke yake na ile moja juu ya kichwa chake.

"Sikai," alisema, akaongeza mguu.

Nesi alipobonyeza saa, zilikuwa mita mia mbili na arobaini na nane. Aliandika, akaipigia mstari, akasema kwamba si watu wengi wanaovuka kipupwe na kuongeza. Binti alimfuta mama yake jasho kwa pembe ya mtandio, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

"Haya, umenishinda," alisema. "Nimetoa neno langu. Unabaki."

"Nabaki."

"Kule juu, peke yako."

Bi Taratibu alitaka kuitikia, lakini hilo la peke yake lingekuwa uongo. Aliinua kiganja kumwomba angoje. Binti alidhani ni pumzi, akamletea kiti, akamshika bega, akangoja kwa subira irudi.